Vyumba vizuri, boliti ndiyo shida

Mwezi Machi tulipokea vyumba vinne vya chuma vya kuunganisha, kwa ajili ya ofisi ya karakana yetu Kigamboni. Viwili chini, viwili juu, kila kimoja sawa na kontena la futi 20. Kreni ilivipanga vyote siku moja. Kuta haziingizi joto, milango inafunga vizuri. Hapo sina neno.

Lakini mimi ni fundi wa vyuma, macho yangu huenda kwenye viungo. Katika nyumba ya namna hii mzigo wa juu wote unashukia kwenye nguzo za kona, kwa hiyo kona lazima zikaliane chuma kwa chuma. Kona moja ya nyuma ilikuwa imeacha nafasi, msumeno wa chuma ulipita bila kugusa. Vijana wa kampuni iliyotuuzia wakataka kuivuta kwa boliti. Nikawakataza: boliti kazi yake ni kushika, siyo kubeba jengo lililoning'inia. Tukakata kipande cha bati la milimita 3, tukakipachika, ndipo kona ikatulia.

Nikapanda ngazi na kitambaa, nikafuta vumbi kwenye kichwa cha boliti. Imeandikwa 4.8, hiyo ni alama ya daraja la nguvu ya boliti. Mchoro wao wenyewe unataka 8.8! Kwa unene uleule, ya 4.8 huanza kuvutika kwa nusu ya nguvu inayovumiliwa na 8.8. Nikampigia msimamizi wao.

"Fundi, hizo zinatosha, ni ghorofa moja tu."

"Kaka, humo ndani watakaa watu. Niletee nilizolipia."

Siku ya tatu zikaja, zimepakwa zinki kabisa, maana huku upepo wa bahari unakula chuma, na safari hii walikuja na spana ya kupimia mkazo. Kila nati niliipiga mstari wa rangi nyeupe unaovuka hadi kwenye bati, ikilegea utaona mstari umekatika. Masika imepita, mistari yote imenyooka.

Kilichobaki ni paa. Pale vyumba viwili vinapokutana waliziba kwa silikoni peke yake, na mvua kubwa ya kwanza ikalowesha meza ya mhasibu wetu. Panahitaji bati la kofia lenye mpira chini yake. Wameahidi kulileta.

Nawapa nyota tatu. Wakifunga hilo bati nitarudi hapa kuongeza ya nne.