Swift Sport haijafika tani, Mark X ina hosipawa 203: nani anavuta hapa Dodoma?

Oya wadau wa magari, karibuni tena. Leo niko hapa chini ya kilima cha UDOM, jua la saa nane la Dodoma mnalijua lenyewe, nyuma yangu kuna Swift Sport, ile ya modeli ZC33S, manyuo (gia unabadili mwenyewe), ya mdau wetu mmoja wa Kisasa kaniachia siku mbili niichezee, na pembeni pale mnaiona Mark X ya shemeji yangu ambaye tangu asubuhi hii Swift anaiita kiberiti.

Hoja ya shemeji ni moja tu: Mark X yake yenye injini ya sisi (cc) 2,500 inatoa hosipawa 203, kiberiti kinatoa 140, mchezo umeisha. Nikamwambia shemeji umesoma nusu ya karatasi, hizo hosipawa zinabeba nini? Mark X ni kama kilo 1,500 hivi, hii hapa ni kilo 970. Haya toa simu ugawanye. Mark X kila hosipawa moja imebebeshwa kilo 7.4, Swift kila moja kilo 6.9, yaani kiberiti ndo kina mzigo mdogo. Shemeji kapiga hesabu mara mbili kwenye simu yake mwenyewe, akasema simu ina shida.

Ila hizo hosipawa mnazozipenda zinapatikana ukiikamua injini mpaka juu, na mjini hapa vibao ni 50, tochi zimejificha nyuma ya mibuyu, unaikamulia wapi? Cha kuangalia ni toki, ile nguvu ya kusukuma, inapimwa kwa Nm. Hii Swift ina injini ya sisi 1,400 yenye katurbo, kale ka kuisukumia injini hewa, inatoa 230 Nm ukiwa RPM 2,500 tu, yaani injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika. V6 ya shemeji, injini ya silinda sita, inatoa 243, karibu sawasawa, lakini hiyo 243 inakuja RPM 4,800! Nimejaribu hapa kilimani gia ya tatu, kutoka 30 kwenda 50, nagusa mafuta tu inachomoka, wakati Mark X inafikiria kwanza, inarudisha gia, ndo inaondoka.

Na kingine ambacho wauza magari hawakwambii ni kwamba Dodoma tuko juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kila ukipanda mita 100. Kwahiyo ile 203 ya shemeji ikitoka Dar ikifika huku imebaki 180 na ushee. Turbo yenyewe inajisukumia hewa kwahiyo haiumii hivyo. Kuna watu wakishapita Gairo wanaanza kumlaumu aliyewauzia mafuta, kumbe wala.

Angalizo kidogo kwa mnaopekua namba mitandaoni. Uzito wa kwenye karatasi za Japani hauna mtu ndani, wa Ulaya mara nyingi wamejumlisha kilo 75 za dereva, kwahiyo gari ileile utaikuta Ulaya nzito zaidi. Usigombane na mtu kabla hujajua kasoma wapi.

Sasa huo wepesi umetoka wapi, maana Swift Sport iliyopita ilikuwa kilo 1,050, wamekata 80. Sogea na kamera hapa mlangoni. Sikia... ti ti ti. Debe kabisa. Funga ule wa Mark X... dup! Umesikia? Ukiwa barabara ya Singida basi likakupita kwa kasi, hii inayumba mpaka unashika usukani kwa mikono miwili, hilo siwafichi. Faida yake asubuhi niliisukuma mwenyewe kuitoa kwenye kivuli, bila kuita mtu.

Mtauliza Mazda Roadster mbona siisemi. Wale ndo mabingwa wa huu mchezo, ya 1989 ilikuwa kilo 940, ya 2015 yenye injini ya sisi 1,500 ni kilo 990 na hosipawa 131, miaka 26 imeongezeka kilo 50 tu! Ila siti mbili, iko chini, na matuta yetu haya utaacha bampa. Paa la kufungua na vumbi la Agosti sijui mnataka kukutana na nini.

Bei ya Swift siisemi maana inategemea mwaka, ila mjue injini ikizidi sisi 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda daraja, hapo shemeji alinyamaza.

Akaja na la mwisho, eti pakia watu. Tukapakia wanne, tuseme kilo 70 kila mmoja. Swift sasa kilo 8.9 kwa hosipawa, Mark X 8.8. Kilo 280 kwenye gari la 970 sio mchezo wadau, kwa hesabu ya karatasi kanishika, na kweli kilimani nimeisikia inahema, nimerudi gia ya pili. Anacheka mpaka sasa hivi, msikieni. Ngoja niwashushe hawa jamaa hapa getini nirudie kupanda nikiwa mwenyewe. Shemeji, shika kamera.