Fremu kwanza, begi baadaye: kuchagua shanta la mizigo mizito ukiwa Malindi

Nikienda sokoni kutafuta begi la porini, nabeba mtungi wa maji wa lita 20. Ukijaa ni kilo 20 na ushei, na hakuna mzani wa kweli kuliko huo. Muuza mitumba mmoja wa hapa Malindi ameshanizoea. Akiniona tu naingia kwenye kibanda chake huuliza, "Leo wauza maji ama wanunua begi?" Namwambia vyote viwili, kisha natafuta fremu, yaani kiunzi kigumu cha begi, ya kuufungia.

Kazi yangu ni kupeleka watu porini: watafiti wa ndege, wapiga picha, wakati mwingine wageni wa hoteli waliochoka kulala ufuoni. Twaenda msitu wa Arabuko-Sokoke, twaenda korongo la Marafa, twaenda msitu wa Dakatcha huko Magarini, na mara moja moja Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala. Kwa hiyo mabegi haya nimeyabeba mgongoni mwangu, wala sikuyasoma tu kwenye matangazo.

Mabegi bora ya mizigo mizito leo hutengenezwa kwa ajili ya wawindaji. Msomaji atashangaa, maana Kenya imepiga marufuku uwindaji tangu 1977. Lakini sikiliza. Mwindaji wa Marekani huingia milimani na vitu vyake vya siku kadhaa, hema, chakula na bunduki. Akimwangusha elk, kulungu mkubwa ambaye dume lake hupita kilo 300, hana gari la kumfuata. Humkata vipande, akatoa mifupa, akabeba nyama mgongoni kwa awamu mpaka aimalize. Begi lililotengenezwa kwa kazi hiyo halichezi. Sisi mwendo wetu ni kinyume: twaingia tumeelemewa, twatoka wepesi, kwa sababu mzigo wetu mkubwa ni maji. Dakatcha unaweza kutembea tangu alfajiri ukimtafuta kwera wa Clarke, ndege asiyepatikana kokote duniani ila Kaunti ya Kilifi, na usione hata kidimbwi. Watu wawili kwa siku mbili katika joto lile, hesabu mtungi mzima, kisha uongeze chupa.

Ndiyo maana nasema nunua fremu. Mfuko wenyewe waweza kushonwa na fundi yeyote wa turubai.

Kazi ya fremu ni kuutoa uzito mabegani na kuushusha kiunoni. Mabega hayakuumbiwa kilo 20 kwa saa tano. Nyonga zaweza. Sasa pima mgongo wako, si urefu wako: inamisha shingo, uguse ule mfupa unaotokeza chini yake. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vielekee nyuma. Mwambie mtu apime kwa futi ya fundi cherehani kutoka mfupa wa shingo hadi usawa wa vidole gumba. Nina rafiki mrefu kama mnazi ambaye mgongo wake ni sentimita 46 tu. Urefu wake wote uko miguuni. Akinunua begi la "mtu mrefu", mkanda wa kiuno unamkalia makalioni.

Ukishapata kipimo, funga mtungi kwenye fremu, vaa, kaza mkanda wa kiuno kwanza, halafu ile ya mabegani kidogo tu. Zunguka kibandani, panda ngazi kama ipo, chuchumaa na uinuke. Mkanda wa kiuno ukishika sawasawa, vidole viwili vitapita bila taabu kati ya bega na mkanda wa bega. Visipopita, fremu ni fupi au mkanda hauna nguvu. Mwenye duka akikukataza kufanya jaribio hili, mwage.

Haya, nianze na ninayoipa nafasi ya kwanza: fremu ya nje ya mabomba ya alumini, ya mtumba. Ni ile ya kizamani inayofanana na ngazi ndogo. Ilipata umaarufu Marekani kupitia Dick Kelty, aliyeanza kuuza zake 1952, na hadi leo muundo wake haujabadilika sana. Hapa kwetu huingia ndani ya marobota ya mabegi, mara nyingi bila mfuko, na wauzaji hawajui ni kitu gani. Yangu niliikuta imetundikwa pamoja na magongo ya wagonjwa. "Hiki ni kiti cha mgonjwa, kaka, kimepungua miguu." Sikumsahihisha.

Naipenda kwa mambo matatu. Upepo hupita kati ya mgongo na mzigo, na katika unyevu wa pwani hilo si anasa. Mtungi hufungika juu yake kwa kamba au ukanda wa mpira, hata gunia, hata kuni. Na vipuri ni rahisi: vile vipini vidogo vinavyoshika mfuko vikipotea, nenda duka la spea za pikipiki ununue bolti ndogo zisizoshika kutu. Usiweke bolti za chuma cha kawaida, kutu itazimaliza upesi. Na chuma chochote, hata kile kisichoshika kutu, kikikutana na alumini kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka tundu, na tundu linapanuka mwezi hadi mwezi.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Hulia kwenye vichaka, kwichi kwichi, na mpiga picha anayemvizia ndege atakuangalia kwa jicho baya. Pembe za juu hunasa miiba. Kabla hujalipa, pitisha kidole kwenye kila kiungo ukitafuta ufa, na uiweke fremu chini kwenye saruji uone kama imepinda. Yenye ufa iache. Usidanganyike kwamba fundi wa mageti atakuchomelea. Vijiti vyake ni vya chuma, na kwenye bomba jembamba la alumini atakutobolea tundu, kisha akuombe radhi.

Nafasi ya pili ni mashanta mapya ya wawindaji wenyewe: Mystery Ranch na Stone Glacier, zote zilizoanzia Bozeman huko Montana, Exo Mtn Gear ya Idaho, na kampuni nyingine iitwayo Kifaru. Ndiyo, kifaru kabisa, kwa Kiswahili. Mzee mmoja wa Marafa niliyemwonyesha jina hilo alicheka akasema basi Wazungu wamemhamishia mnyama mgongoni.

Ubora wake uko hapa: mfuko hujitenga na fremu. Unalegeza mikanda, mfuko unasogea nyuma, katikati panabaki rafu. Mwindaji huweka nyama pale, karibu kabisa na mgongo, kwa sababu mzigo mzito ukikaa mbali na uti wa mgongo hukuvuta nyuma kama mtu amekushika shati. Mimi nimeweka mtungi pale, na tofauti niliisikia hatua ya kwanza. Fremu ni nyembamba, hailii, na kitambaa mara nyingi ni nailoni ya denia 500. Denia, kwa asiyejua, ni uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000. Ikipanda, uzi ni mnene zaidi.

Sasa mbona si la kwanza? Bei. Begi zima huko kwao ni kama dola 500 hadi 800, na ukiliagiza kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kama una jamaa anayerudi kutoka Marekani, mwombe kwa heshima. Kama porini unaenda mara mbili kwa mwaka, hizo ni pesa za mabati ya nyumba.

Na jambo moja usilisahau: mengi ya mashanta haya huuzwa yakiwa na madoa ya kujificha porini, yale tunayoita rangi za kombati. Usinunue ya namna hiyo. Sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare ya jeshi au kinachofanana nayo, na kwenye kizuizi cha barabarani, hasa ukielekea Lamu, hutataka kumweleza askari tofauti ya begi na sare. Chagua kahawia au kijivu.

Ya tatu ni ALICE, ya jeshi la Marekani, iliyoanza kutumika 1973. Nayo hupatikana kwenye mitumba, pengine fremu pekee. Ni imara, na ilikuwa na kirafu chake cha chini kilichotengenezwa kubebea redio, risasi na madebe ya maji ya galoni tano, ambazo ni kama lita 19. Yaani wenzetu hawa waliwaza mtungi kabla yetu! Ukikipata kirafu hicho, usikiache hata kama fremu yake imekufa; kifungie nyingine. Kinachoiangusha ALICE ni mkanda wa kiuno, mwembamba na mkavu, na fremu ni fupi kwa mtu mwenye mgongo mrefu. Mfuko wake ni wa kijani cha jeshi, kwa hiyo nimekwisha kuonya. Mimi ningechukua fremu na kuacha mfuko.

Nafasi ya nne itawachekesha wengine: kiti cha kubebea mtoto mgongoni. Watalii wa Ulaya hutembea na watoto wao humo, kisha mtoto akikua kiti huja kwetu kwenye robota. Vingi vina fremu nzuri ya alumini, mkanda wa kiuno mnene kuliko wa ALICE, na hata mguu wa kusimamia unapotua mzigo. Toa kikalio, funga kreti la soda au mfuko wa turubai, umepata begi. Lakini soma lebo: kwa kawaida uzito wa juu ni karibu kilo 20 pamoja na vyote, kwa hiyo mtungi uliojaa ndio mwisho wake. Ni begi la mpishi, wala si la mbeba vyombo vya kamera.

Mashanta ya fremu ya ndani, yaani kiunzi kimefichwa ndani ya begi, kama Deuter, Osprey na Lowe Alpine, nimeyaweka ya tano, na najua nitapingwa. Kwa mtu anayebeba kilo 12 hadi 15 na kupita vichakani, yangekuwa ya kwanza. Yamebana mwili, hayanasi miiba, na ukikuta moja zima kwenye mitumba ni bahati yako. Ila mtungi hauingii. Lazima maji uyagawe kwenye chupa, uziweke juu karibu na mgongo, na mgongo wenyewe utaloa jasho tangu saa mbili asubuhi.

La mwisho silipi hata nafasi. Ni lile begi jipya, limeandikwa "lita 80", lina mikanda kama ishirini na bei ya kuvutia. Nilinunua moja mwaka wangu wa kwanza kazini. Fremu yake ilikuwa karatasi ya plastiki na waya mmoja. Tulipofika ndani ya Dakatcha, saa ya tatu ya mwendo, mkanda wa bega la kulia uling'oka na mshono wote, kitambaa kikabaki kimeachama. Tulikata mti, tukaliningʼiniza begi katikati, tukalibeba mzega, mimi mbele na kijana wa kijijini nyuma, likitugonga magotini mpaka kambini. Mtafiti alitupiga picha. Bado anayo.

Chochote utakachokinunua cha mtumba, geuza mfuko ndani nje. Utando wa plastiki uliopakwa ndani ya nailoni ili kuzuia maji huoza kwa unyevu: ukigusa unanata kama ulimbo, una harufu kali ya kitu kilichochacha, na baadaye hupukutika vipande vyeupe. Harufu hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa jua la Malindi. Zipu ziwe nene, za nambari 8 au 10, na ukipata zilizoandikwa YKK, jina la kampuni ya zipu ya Kijapani, ni vizuri. Bizimu za plastiki zibane na uzisikie zikisema ta! Zilizochomwa na jua huwa zimepauka na hukatika ukizikaza.

Mkanda wa kiuno ukiwa mbovu, usitupe fremu. Kata mkanda mzima kutoka kwenye begi lililokufa, hata lile la waya mmoja. Langu lilinifaa kwa hilo tu. Peleka kwa fundi wa viatu au mshona matanga, yule mwenye shazia na uzi uliopakwa nta, na umwambie ashone mraba wenye msalaba ndani yake, mistari miwili, kila mahali mkanda unaposhika. Atakuambia cherehani yatosha. Kaa hapo hapo mpaka ashike shazia.