Zulia, Amana na Mwamuzi: Tathmini ya Huduma ya Usuluhishi kwa Wapangaji wa Uingereza

Huku Uingereza (yaani England), mpangaji anayerudisha funguo hukutana mara nyingi na dai la kulipia uoshaji wa mazulia, na dai hilo huandikwa kwa namna inayomfanya aamini kwamba ni desturi isiyohojiwa. Nyumba nyingi za kupanga zina zulia lililobandikwa ukuta hadi ukuta, kuanzia sebuleni hadi kwenye ngazi, ambalo haliwezi kung'olewa likafuliwa na kuanikwa. Kuliosha kitaalamu ni kuwaita watu wenye mashine ya kupuliza maji ya moto na kuyafyonza papo hapo pamoja na uchafu, na kazi hiyo ina gharama. Gharama hiyo ikikatwa kwenye amana, yaani fedha ya dhamana ambayo mpangaji huitoa anapoingia, ya familia ambayo imekwisha kutoa amana nyingine kwa ajili ya nyumba inayohamia, inauma kweli. Ninaandika kuhusu huduma iliyotusaidia katika hali hiyo, yaani usuluhishi wa bure unaotolewa na taasisi zinazolinda amana za wapangaji, kwa sababu nimewaona watu wengi wa kwetu wakiacha fedha zao zipotee ilhali njia ya kuzidai ipo wazi.

Msingi wa huduma hii ni sheria ya makazi ya mwaka 2004, ambayo sehemu yake ya amana ilianza kutumika Aprili 2007 katika Uingereza na Wales. Tangu wakati huo, mwenye nyumba anayepokea amana katika mkataba wa kawaida wa pango hana ruhusa ya kuiweka tu mfukoni, bali ni lazima aisajili katika mojawapo ya taasisi tatu zilizoidhinishwa na serikali, ambazo ni Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Anapewa siku 30 tangu alipoipokea, na ndani ya siku hizo anapaswa pia kumpa mpangaji maelezo ya maandishi kuhusu mahali ilipo. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji kiasi cha kati ya mara moja na mara tatu ya amana yenyewe. Baadhi ya amana hukaa katika taasisi moja kwa moja, na nyingine hubaki kwa mwenye nyumba au wakala wake huku taasisi ikiziwekea bima. Kwa vyovyote vile, pakitokea mzozo mwishoni mwa upangaji, mpangaji ana haki ya kuomba mwamuzi asiye wa upande wowote bila kulipa hata senti.

Kuhusu mazulia hasa, sheria iliyobadilisha mambo ni ile ya mwaka 2019 inayoitwa Tenant Fees Act. Ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2019 kwa mikataba mipya, na mwaka mmoja baadaye ikaenea kwa mikataba yote ya Uingereza. Chini ya sheria hiyo, mwenye nyumba haruhusiwi kumlazimisha mpangaji kulipia kampuni ya usafi anapohama, wala kumtaka alete risiti ya kampuni kama sharti la kurudishiwa amana. Anachoweza kudai ni nyumba irudishwe katika usafi ule ule iliokuwa nao siku ya kuingia, ukitoa uchakavu wa kawaida. Ikiwa nyumba ilikabidhiwa ikiwa imesafishwa kwa kiwango cha kitaalamu, basi inapaswa kurudishwa katika kiwango hicho, lakini ni mpangaji anayeamua kama atakifikia kwa mikono yake mwenyewe au kwa kuajiri watu. Sheria hiyo hiyo iliweka kikomo cha amana kuwa kodi ya wiki tano, pale ambapo kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Wenzetu wa Scotland na Wales wana sheria zao, hivyo mpangaji wa Glasgow au Cardiff asichukue maelezo haya kama yalivyo.

Tulipohama nyumba yetu ya vyumba viwili mjini Leicester, wakala alituandikia kwamba angekata pauni 195 kwa ajili ya kuosha mazulia ya nyumba nzima, akitaja kifungu cha mkataba kilichosema kwamba mazulia lazima yaoshwe na kampuni na risiti ioneshwe. Mkataba huo ulisainiwa miaka kadhaa baada ya sheria kuanza kutumika, na bado kifungu hicho kilikuwamo, kama ambavyo bado kimo katika mikataba mingi iliyonakiliwa kutoka mikataba ya zamani. Sisi tulikuwa tumekodi mashine ya kuoshea zulia kwenye duka la vifaa, tukaosha vyumba vyote, tukaacha madirisha wazi hadi yakakauka, kisha tukapiga picha za kila chumba kabla ya kufunga mlango. Tuliyaeleza hayo kwa barua pepe, na wakala akajibu kwamba mashine ya kukodi haikubaliki. Ndipo tukafungua shauri katika taasisi iliyokuwa ikiilinda amana yetu.

Utaratibu wake ni mwepesi kuliko nilivyotarajia. Mpangaji huingia katika ukurasa wake kwenye tovuti ya taasisi, akataja kiasi anachokikubali na anachokikataa, na kile kisichobishaniwa hakina sababu ya kuzuiwa wakati mzozo ukiendelea. Mwenye nyumba au wakala hueleza madai yake na kupakia ushahidi, kisha mpangaji hupewa muda wa kujibu na kupakia wa kwake. Baada ya hapo faili hufungwa na kupelekwa kwa mwamuzi, ambaye husoma yaliyomo tu na kutoa uamuzi wa maandishi wenye sababu. Hakuna kikao wala wakili, na hakuna mtu anayekuja kukagua zulia.

Kilichonivutia zaidi ni mahali ambapo mzigo wa ushahidi umewekwa. Amana huhesabiwa kuwa mali ya mpangaji hadi mwenye nyumba athibitishe kwamba anastahili sehemu yake, na kwa hiyo si kazi ya mpangaji kuthibitisha kwamba zulia ni safi, bali ni kazi ya anayedai kuthibitisha kwamba lilikuwa safi zaidi mwanzoni. Katika shauri letu, taarifa ya hali ya nyumba iliyoandikwa siku tuliyoingia ilisema kwamba zulia la sebuleni lilikuwa limetumika na lina alama hafifu karibu na mlango, na hapakuwa na neno lolote kuhusu kuoshwa na kampuni. Taarifa ya siku ya kutoka, ambayo wakala aliiandaa mwenyewe, ilitaja doa la manjano katika chumba kidogo na alama zile zile za sebuleni. Mwamuzi alilinganisha karatasi hizo mbili chumba kwa chumba. Alikiweka kando kifungu cha mkataba kwa sababu hakina nguvu mbele ya sheria, akakataa madai ya sebule, ngazi na chumba kikubwa, na akampa wakala pauni 35 kwa ajili ya lile doa, ambalo halikuwamo tulipoingia. Niliuona uamuzi huo kuwa wa haki, pamoja na hizo 35. Bizari ya manjano ikishaingia katika nyuzi za zulia la rangi ya maziwa haitoki kwa mashine ya kukodi, na mwenye nyumba hakustahili kubeba gharama ya sahani ya pilau iliyomwagika.

Suala la uchakavu wa kawaida linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo wapangaji wengi hupoteza fedha zao. Tafsiri ambayo majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa, waliikubali, na ambayo waamuzi huitegemea hadi leo, inahusu uchakavu unaotokana na matumizi ya kiasi ya mpangaji pamoja na kazi ya nguvu za asili. Kwa hiyo zulia lililolala nyuzi mahali pa kupita, lililofifia rangi kwa jua la dirishani, au lenye alama za miguu ya kitanda, limechakaa tu, na hakuna anayedaiwa. Alama ya pasi, mafuta ya kupikia, nta ya mshumaa na harufu ya mkojo wa paka ni mambo mengine. Mwamuzi hutazama pia muda mliokaa na idadi ya watu waliotajwa katika mkataba, maana familia yenye watoto watatu iliyokaa miaka minne haiwezi kutarajiwa kuacha zulia sawa na mtu mmoja aliyekaa miezi sita.

Hata pale ambapo zulia limeharibika kabisa na halisafishiki, mwenye nyumba hapewi bei ya zulia jipya, kwa kuwa hatakiwi kutoka katika upangaji akiwa na mali bora kuliko aliyokuwa nayo. Hesabu inayofanywa ni ya miaka iliyobaki. Tuseme zulia liligharimu pauni 600, lilitarajiwa kudumu miaka minane, na lilikuwa na miaka sita siku mpangaji alipohama. Thamani iliyobaki ni ya miaka miwili, yaani pauni 150, na hapo ndipo dai lake linapokomea. Nimekwisha kuona barua za mawakala zinazodai bei nzima ya zulia jipya kwa zulia la zamani, na mpangaji asiyeijua hesabu hii hulipa kwa hofu ya kuharibiwa jina.

Huduma hii ina kasoro zake, na baadhi yake ni nzito. Mwamuzi anaona karatasi na picha tu, kwa hiyo anayeandika vizuri kwa Kiingereza na kupanga ushahidi wake kwa utaratibu ana faida kubwa kuliko mwenye haki asiyejua kujieleza. Mama aliyefika kutoka Bujumbura au Goma mwaka jana, ambaye hata taarifa ya hali ya nyumba aliisaini bila kuielewa, anaingia katika shauri hili akiwa amefungwa mkono mmoja. Uamuzi ukishatolewa, hakuna rufaa ya maana ndani ya taasisi yenyewe, na kungoja ni kwa wiki nyingi, jambo ambalo ni gumu kwa aliyekuwa akiitegemea amana hiyo kulipia nyumba mpya. Vilevile kuna tarehe za mwisho za kufungua shauri ambazo hutofautiana baina ya taasisi, na anayechelewa kwa sababu ya kuendelea kubembelezana na wakala anaweza kujikuta amefungiwa mlango.

Kasoro inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba huduma hii haiwafikii wanaopangishwa chumba na mtu anayeishi humo humo ndani. Wageni wengi kutoka Afrika Mashariki huanzia maisha ya huku katika chumba cha ndugu au jamaa wa nchi moja, wakilipa amana taslimu bila karatasi, na kwa upangaji wa namna hiyo sheria ya kulinda amana haitumiki. Akikatwa fedha za zulia, hana mwamuzi wa bure wa kumwendea. Kwake yeye, picha za siku ya kwanza na risiti iliyosainiwa ndiyo kinga pekee anayoweza kuanza nayo, na aziombe hata kama mwenye nyumba ni mjomba wa rafiki.

Je, mpangaji alipie uoshaji wa mazulia anapohama? Msimamo wangu ni kwamba hapaswi kulipa kwa sababu tu anahama. Kuosha zulia baina ya mpangaji mmoja na mwingine ni gharama ya biashara ya kupangisha, na kodi ya kila mwezi ndiyo inayoilipia. Lakini ikiwa taarifa ya kuingia inaonesha wazi kwamba mazulia yalioshwa na kampuni, na risiti imeambatanishwa, basi mpangaji anadaiwa usafi wa kiwango hicho, na ni afadhali aitafute kampuni mwenyewe kabla ya kurudisha funguo, kwa kuwa bei atakayoipata akiulizia mwenyewe aghalabu ni ndogo kuliko ile itakayokatwa na wakala. Aliyefuga mbwa au aliyevuta sigara ndani kwa miaka asitegemee mwamuzi kumwokoa, na sioni kwa nini aokolewe.

Waliopanga Nairobi wataufananisha ugomvi huu na ule wa rangi, ambapo anayehama hukatwa gharama ya kupaka kuta upya hata kama amekaa muda mfupi na kuta ni safi. Tofauti ni kwamba huko amana hukaa mikononi mwa mwenye nyumba mwenyewe, na mpangaji hubaki akipiga simu zisizopokewa. Kuiweka fedha hiyo chini ya ulinzi wa mtu wa tatu, na kumtaka anayedai aoneshe karatasi mbili za kulinganisha, ni utaratibu ambao ungeweza kuanzishwa Kenya au Tanzania bila mitambo ya ajabu, na ningependa kuona wabunge wakiuzungumzia.

Kwa anayepanga Uingereza kwa mkataba wa kawaida, naipendekeza huduma hii bila kusita, mradi ajiandae tangu siku ya kupokea funguo. Apige picha za kila zulia, hasa pembeni na chini ya madirisha, na azitume kwa wakala kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe isibishaniwe. Taarifa ya hali ya nyumba asiisaini kabla ya kuongeza kila doa aliloliona. Kisha atafute amana yake katika tovuti za taasisi zote tatu, na asipoipata baada ya siku 30 kupita, awaulize washauri wa bure wa Citizens Advice au Shelter, kwa sababu hapo ana dai kubwa kuliko la zulia.