Shule ya kutwa ya mchepuo wa Kiingereza: masomo nawapa maua yao, michezo bado

Wazazi wenzangu wa Goba na Madale, hapa Dar es Salaam, mnaosaka nafasi za Januari, mmeniuliza sana kuhusu shule ya binti yangu, basi naandika mara moja kwa wote. Jina siweki. Iko upande wa Tegeta, ni ya kutwa, awali hadi darasa la saba. Mtoto aliingia la kwanza mwaka 2023, sasa yuko la nne. Wakati ule baba yake alikuwa bado anaota bweni la mkoani. Mwaka huohuo serikali ikazuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, mjadala ukafa wenyewe. Mimi nilifurahi kimyakimya.

Masomo kwanza, maana ndiyo mnayouliza. Hapo sina ugomvi nao. Mwalimu wake wa Hisabati haweki tu mkasi (alama ya X) na kuendelea. Kosa analizungushia duara jekundu, pembeni anaandika hatua aliyoiruka mtoto, na swali linarudiwa lote chini yake. Kesho yake anaangalia masahihisho kabla ya kufundisha kitu kipya. Nimelipitia daftari la muhula mzima, hakuna ukurasa uliopita bila saini yake. Kusoma Kiingereza alikuwa anasoma vizuri kufikia la pili. Kiswahili ndicho kinachosuasua: mtoto anayetupigia hadithi nyumbani mpaka usiku anarudi na C ya insha. Haishangazi, kwa sababu ukinaswa unaongea Kiswahili uwanjani monita anaandika jina lako. Sijawahi kuelewa faida ya utaratibu huo, na kikaoni nimeshalisema.

Mabango ya getini ya "shule bora kimkoa" msiyape uzito. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya mwaka 2022. Matokeo ya kila shule bado yanawekwa kwenye tovuti yao, mtahiniwa kwa mtahiniwa, kwa namba. Fungua miaka mitatu mfululizo ya shule unayoitaka. Usihesabu A peke yake, angalia pia walioanguka ni wangapi na waliofanya mtihani ni wangapi. Shule yenye watahiniwa kumi na wanane wote A si sawa na yenye tisini.

Sasa michezo, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye kipeperushi kulikuwa na picha ya watoto wakiogelea. Bwawa ni la hoteli ya jirani, wanapelekwa mara chache, na unachangia kila safari. Sawa, tuyaache hayo. Kilichonishika mimi ni netiboli. Kiwanja ni cha vumbi, mistari inachorwa kwa chokaa, na ring moja imeinama kidogo kulia. Lakini walikuwa na mwalimu wa kike anayejua kazi yake. Binti yangu alifika pale mtoto wa kujificha nyuma ya sketi yangu. Akapangwa mlinda goli kwa sababu ya urefu. Kufikia la tatu alikuwa anapiga kelele kupanga wenzake, anamkumbusha mwamuzi kwamba yule mfungaji kakaa na mpira zaidi ya sekunde tatu. Walicheza na shule nyingine za kata hiyo, za serikali na za binafsi, kutafuta timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Walitolewa mapema, na dada zao wa la sita wakalia kuliko wao. Jioni ile alikula sahani mbili za wali maharage huku akinieleza namna ya kumzuia mtu bila kumgusa.

Ilipoanza darasa la nne, netiboli ikakatwa. Ni mwaka wa upimaji wa taifa, wakaambiwa. Masomo ya ziada hadi saa kumi na nusu, Jumamosi nusu siku, na sehemu ya likizo ya Juni ikaliwa. Kinachoniudhi ni kwamba mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una somo kabisa la Sanaa na Michezo. Kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani lipo. Kwenye daftari halipo, kipindi kinachukuliwa na Hisabati au Sayansi. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. "Mama, tumalize mtihani kwanza, mpira upo tu." Nikamwuliza kama mtoto wa miaka kumi aliyekaa kwenye dawati tangu saa moja asubuhi anaingiza nini kichwani saa kumi jioni. Tukaishia kukubaliana Ijumaa waachiwe saa moja ya kucheza. Ijumaa nyingi wanaachiwa, nyingine "mwalimu ana kikao".

Usafiri: basi linapita kwetu saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza. Dada wa basi ni mwaminifu, anahesabu watoto wakipanda na wakishuka, na akichelewa anapiga simu mwenyewe. Ila muulizeni dereva mtoto wako atakuwa wa ngapi kwenye njia. Wetu ni wa kwanza kupanda na karibu wa mwisho kushuka, jioni anafika nyumbani saa kumi na mbili akiwa amelala na begi mgongoni. Jirani yangu, nyumba ziko barabara moja, njia yake ni nyingine na mtoto anafika mapema kabisa.

Pesa: ada inalipwa kwa awamu nne, na wakisema tarehe wanamaanisha tarehe. Ongezeni rimu za karatasi, mitihani ya majaribio, fulana ya michezo (hata kwa asiyecheza), na mchango wa mahafali ya darasa la saba ambao sisi wa la nne tunatoa pia, sijui kwa ahadi gani. Uji wa saa nne ni mzito na wa moto, chakula cha mchana kinaliwa.

Mtoto wangu la tano anabaki hapohapo, maana si darasa la mtihani na yule mwalimu wa netiboli ameniambia anamsubiri. Ikifika zamu ya mtihani wa mwisho, nitaomba ratiba ya jioni kwa maandishi kabla sijalipa awamu ya kwanza.