Nyumba za bei nafuu kisiwani Mombasa: Boma Yangu, Buxton na gharama zisizoandikwa kwenye bei

Boma Yangu, mfumo wa serikali ya Kenya wa kusajili wanunuzi wa nyumba za bei nafuu, inafaa kujisajilia, na inafaa kuwekea akiba ya amana. Isiwe mahali pekee unapotafutia habari za nyumba unayotaka kununua, hasa ikiwa nyumba yenyewe iko kisiwani, ambako ardhi ni finyu, maji ni ya mgao, na chumvi ya bahari inakula chuma usiku na mchana. Bei utaonyeshwa. Gharama ya kuishi humo lazima uitafute mwenyewe, na sehemu kubwa ya jibu imelala ndani ya bajeti ya kaunti.

Kwanza jua unaingia kwa mlango upi. Mlango wa kwanza ni wa serikali kuu: Boma Yangu, iliyo chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, inayobebwa na ule ushuru wa asilimia 1.5 unaokatwa kwenye mshahara ghafi, na mwajiri akaongeza asilimia 1.5 nyingine. Mlango wa pili ni wa kaunti: mitaa ya zamani ya manispaa inayobomolewa na kujengwa upya kwa ushirikiano na wawekezaji, kama Buxton, karibu na barabara ya kwenda Daraja la Nyali. Watu wengi huchanganya milango hii miwili. Mtu anajisajili Boma Yangu kisha anangoja aitwe kwenye mradi ambao huenda unauzwa kwa utaratibu mwingine. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza: muuzaji ni nani, mkataba utasainiwa na nani, na pesa zinaingia akaunti ya nani.

Kujisajili Boma Yangu ni rahisi, na hapo huduma inastahili sifa. Unatumia tovuti au unabonyeza *832# kwenye simu, ukiwa na kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Baadaye utahitaji PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, na maelezo ya kipato. Hapa kwenye kipato ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria inapanga wanunuzi kwa mapato ya mwezi: walio chini ya shilingi 20,000 wako kundi la nyumba za jamii, wa kati ya 20,000 na 149,000 kundi la nyumba za bei nafuu, na walio juu ya hapo wananunua kwa masharti yanayokaribia ya soko. Mwenye duka la leso Biashara Street au dereva wa tuktuk hana hati ya mshahara, basi hukisia tu kiasi. Ukikisia juu, unajitoa mwenyewe kwenye kundi lenye masharti mepesi. Ukikisia chini sana, malipo ya kila mwezi hayataingiana na kipato ulichoandika. Chukua taarifa za M-Pesa za miezi sita, toa pesa za mtaji zinazopita tu mkononi mwako, na kinachobaki ugawe kwa sita. Hicho ndicho kipato.

Kujisajili si kupewa nyumba. Akiba yako inaonyesha kuwa uko tayari, lakini haikuandikii chumba chochote. Mtu mmoja hupewa nyumba moja, na ukishainunua huwezi kuiuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Sharti hilo ni zuri. Bila hilo, nyumba zote za kisiwani zingeishia mikononi mwa wenye kuzipangisha wageni kwa siku. Lakini anayepanga kuhama baada ya miaka mitano alijue mapema.

Sasa hesabu. Huu ni mfano wa kujifunzia, si bei ya mradi wowote. Nyumba ya shilingi milioni 2, amana asilimia 10, yaani 200,000. Linabaki deni la milioni 1.8. Kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ukilipa kwa miaka 30, kila mwezi ni kama shilingi 10,792. Ukilipa kwa miaka 20 ni 12,896. Tofauti ya mwezi ni shilingi 2,104 tu, lakini jumla ya miaka 30 inafika karibu milioni 3.89, na ya miaka 20 milioni 3.1. Kwa hiyo anayeweza kujibana shilingi elfu mbili kwa mwezi anaokoa karibu laki nane. Waulize wauzaji wakupigie hesabu ya vipindi vyote viwili, kwa maandishi, badala ya kukutajia malipo ya mwezi peke yake.

Halafu inakuja ada ya jengo, na hapa ndipo nyumba nafuu inapogeuka kuwa ghali. Ghorofa lina lifti, pampu, taa za ngazi, mlinzi, taka na mfereji wa maji machafu. Kila kitu ambacho kaunti haikukitia kwenye bajeti kinarudi kwako kama ada. Gari la taka lisipokuja, jengo linaajiri lake. Bomba la majitaka la mtaa likiziba, jengo linaita lori la kunyonya. Maji yasipotoka, jengo linanunua maji ya boza, yaani ya lori. Mkazi analipa mara mbili: mara ya kwanza kwa kodi na ushuru, mara ya pili kwa ada.

Maji yanastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mombasa haina mto wake. Maji matamu yanatoka nje ya kaunti: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba la mbali hivyo likipasuka popote, kisiwa kinakauka. Basi piga hesabu hii kabla ya kuvutiwa na vigae. Familia ya watu watano inayotumia lita 50 kwa kila mtu inahitaji lita 250 kwa siku. Jengo lenye nyumba 100 linahitaji lita 25,000 kwa siku. Mgao ukiwa wa siku tatu, tangi la chini na la juu kwa pamoja lazima yabebe lita 75,000. Uliza ukubwa wa matangi, kisha upande ukayaone kwa macho. Ukikuta matangi manne ya lita 10,000 kwa nyumba 100, jua kwamba siku ya pili ya mgao utakuwa unasubiri mkokoteni wa mitungi ya lita 20, na mtungi haupandi ghorofa ya nne bila kulipa mbebaji.

Majengo mengi huziba pengo hilo kwa kisima. Kisima cha kisiwani hupita kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake mara nyingi ni ya chumvi. Yanafaa chooni na kusafishia sakafu. Ukiyaunganisha na bomba la jikoni na bafu, kichwa cha bomba kinashika ukoko mweupe, hita ya bafuni inakufa mapema, na sabuni haitoi povu. Uliza kama mabomba ya maji matamu na ya chumvi yametenganishwa. Kama fundi anajibu kwa kusitasita, fungua bomba la jikoni uonje tone moja.

Ukiwa hapo hapo, inua macho uangalie upande wa chini wa roshani iliyo juu yako. Kwenye majengo ya pwani ugonjwa huanzia hapo. Chumvi inapenya zege, inafikia nondo, nondo inashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe. Zege linasukumwa kutoka ndani. Dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kahawia unaofuata nondo, kama mtu alipitisha penseli ya chai. Ya pili ni lipu inayotoa sauti ya uwazi ukiigonga kwa fundo la kidole. Ya tatu ni kipande kuanguka. Kwenye jengo jipya hutakiwi kuona hata dalili ya kwanza. Ukiiona, nondo zimefunikwa kwa zege jembamba mno au mchanga uliotumika una chumvi, na ukarabati wake utalipwa na wakazi. Angalia pia skrubu za bawaba na fremu za dirisha: skrubu ya chuma cha kawaida huanza kudondosha machozi ya kutu baada ya msimu mmoja wa mvua.

Na upepo. Nyumba yenye madirisha pande mbili hupitisha kaskazi na kusi, na bili ya umeme hushuka kwa sababu feni inapumzika. Nyumba ya upande mmoja inayotazama ukuta wa jirani ni tanuri kuanzia Januari hadi Machi, hata ikiwa bei yake ni sawa na ya mwenzake aliye mbele. Katika mpango wa ghorofa, pointi hii moja inazidi thamani ya vigae na kabati zote za jikoni.

Turudi Buxton, kwa sababu mradi ule unaonyesha jinsi kaunti inavyotumia mali bila fedha kuonekana. Ulianza kujengwa 2021, wakati wa gavana Hassan Ali Joho, juu ya ardhi ya umma palipokuwa na nyumba za zamani za kupangisha. Kaunti ilileta ardhi, mwekezaji akaleta pesa. Matokeo yake ni kwamba ukifungua bajeti ukatafuta mamilioni yaliyotumika, hutaona mchango mkubwa wa kaunti, kwa sababu ulikuwa udongo wenyewe. Ardhi ya kisiwani haiongezeki. Kwa mradi wowote wa namna hii unaokuja, mambo matatu yanapaswa kuwa mezani kabla ya tingatinga kufika: thamani ya ardhi iliyokadiriwa, hisa ya kaunti, na idadi ya nyumba zilizotengewa wapangaji wa zamani kwa bei wanayoiweza. Mwananchi ana haki ya kuziomba, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016.

Kwa nini nyumba za zamani zilichakaa hata zikafaa kubomolewa? Sababu moja ni ya kihasibu. Kodi ya wapangaji wa kaunti huingia kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti pamoja na ada za maegesho na leseni, kama Katiba inavyotaka katika kifungu cha 207. Hakuna kinachoilazimisha irudi kwenye paa lilelile. Isipotengewa mstari wake wa ukarabati, inaishia kwenye mishahara. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inadai angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kwenye makadirio, kaunti inaweza kutimiza hilo vizuri tu. Tatizo liko kwenye matumizi halisi. Mapato ya ndani yakikadiriwa juu kuliko yanayokusanywa, au mgao wa fedha kutoka serikali kuu ukichelewa, mishahara haingoji, basi kinachokatwa ni mfereji na bomba.

Kwa hiyo usisome makadirio peke yake. Chukua makadirio, tafuta idara inayoshika ardhi na makazi, tenganisha safu ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo, kisha weka pembeni ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya robo mwaka. Linganisha kilichopangwa na kilicholipwa. Angalia pia madeni ya wakandarasi, kwa sababu deni la mwaka jana hulipwa na fedha za mwaka huu. Mpango wa maendeleo wa mwaka hutakiwa kuwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio kufikia Aprili 30. Anayekwenda kulalamika Juni amechelewa. Nenda Februari, taja wadi yako, taja mtaro kwa jina la barabara, na uache maoni yako kwa maandishi yenye muhuri wa kupokelewa.

Kuna kundi ambalo milango yote miwili, Boma Yangu na miradi ya kaunti, haijalifikia vizuri, nalo ni la wenye nyumba bila ardhi. Katika mtaa wa Majengo na kwingineko, mtu anamiliki nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, uwani nyuma, lakini kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Hana hati, hivyo benki haimtazami. Kwenye fomu anaonekana ana nyumba, ilhali mwenye kiwanja akiuza, mali yake ni mabati, milango na mawe. Wapangaji wake wa chumba kimoja kimoja ni miongoni mwa wenye kipato cha chini kisiwani. Mradi wowote unaojiita nafuu upimwe kwa kodi ya chumba hicho. Malipo ya mwezi pamoja na ada ya jengo yakizidi kodi hiyo mara tatu, wanaohamia watakuwa watu wengine.

Mwisho ni hati. Nyumba ya ghorofa inasimamiwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020: kila nyumba na hati yake, pamoja na hisa katika ngazi, lifti na uwanja. Uliza kama mchoro wa mgawanyo umeshasajiliwa, ardhi ina miaka mingapi ya ukodishaji iliyobaki, na kampuni ya usimamizi itakabidhiwa wakazi lini. Ukiambiwa hati inakuja baadaye, tarehe ya kuja kwake na fidia ya kuchelewa ziandikwe ndani ya mkataba kabla hujatia saini.