Tathmini: Kampuni inayovuta magari katika nyumba zetu za kupanga, Texas

Tathmini hii inahusu huduma ya kuvuta magari ambayo uongozi wa nyumba ninazopanga, katika jimbo la Texas, umeikodi isimamie maegesho yetu. Kampuni hiyo sitaitaja kwa jina, wala uongozi wenyewe, kwa kuwa shauri langu limekwisha na sina haja ya kumchafulia mtu jina. Ninachotaka ni mpangaji mwenzangu ajue nilichokiona, na ajue sheria inampa nini siku atakaposhuka na kukuta nafasi ya gari lake ni tupu. Ninaipa huduma hii nyota 2 kati ya 5.

Nilikuwa nimeegesha katika nafasi yangu mwenyewe, yenye namba iliyoandikwa kwenye mkataba wangu wa upangaji. Saa nane za usiku jirani yangu, mzee mmoja Mkongo anayerudi kazini saa hizo, alinigongea mlango akisema, "Mwanangu, amka, gari lako wanalipakia." Nilipofika chini lori lilikuwa limekwisha kuvuka lango. Kulipokucha nikaenda ofisini, nikaambiwa kwamba stika za maegesho zilibadilishwa siku 6 kabla, kwamba za bluu zimefutwa na za kijani ndizo zinazotambulika, na kwamba gari langu lilikutwa na stika ya bluu. Nilipouliza taarifa ya mabadiliko hayo ilinifikia lini na kwa njia gani, nilionyeshwa karatasi iliyobandikwa kwenye chumba cha kufulia nguo, chumba ambacho mimi sikitumii.

Hapa ndipo ninapowaomba wapangaji wenzangu wasome polepole. Kifungu cha 92.0131 cha Sheria ya Mali ya Texas kinamtaka mwenye nyumba ampe mpangaji nakala ya kanuni za maegesho na za kuvuta magari kabla mkataba haujatiwa saini. Kanuni zikibadilishwa katikati ya mkataba, badiliko haliwezi kuanza kutumika kabla ya siku ya 14 tangu taarifa yake imfikie mpangaji, isipokuwa limeletwa na dharura ya ujenzi au ya huduma kama maji na umeme, na mwenye nyumba ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba mpangaji aliipata taarifa hiyo. Anayekiuka kifungu hiki hudaiwa dola 100 pamoja na gharama za kuvuta na kuhifadhi gari zilizomwangukia mpangaji. Kwa hiyo stika yangu ya bluu, ambayo karani aliizungumzia kana kwamba ni kosa langu, ilikuwa halali usiku ule.

Kosa la taarifa ni la uongozi, si la kampuni, na sitaki kuibebesha kampuni mzigo wa mwingine. Lakini kampuni nayo ina wajibu wake, ulioelezwa katika sura ya 2308 ya sheria za jimbo zinazohusu kazi zenye leseni, na Idara ya Leseni na Udhibiti ya Texas ndiyo inayotoa leseni hizo na kupokea malalamiko. Wajibu ulio wazi kuliko wote ni mabango. Kila lango la kuingilia linatakiwa kuwa na bango lenye upana wa inchi 18 na kimo cha inchi 24 angalau, lililofungwa imara mahali ambapo dereva anayeingia ataliona, ukingo wake wa chini ukiwa kati ya futi 5 na futi 8 kutoka ardhini. Bango hilo lazima lionyeshe alama ya kimataifa ya gari linalovutwa, liseme ni nani anayeruhusiwa kuegesha, liseme kama magari huvutwa wakati wote au kwa siku na saa maalumu, na liwe na namba ya simu inayopokewa saa 24. Tena liwe limekaa hapo kwa saa 24 kabla gari halijavutwa. Nilichukua futi ya fundi nikapima. Lango la mbele lina bango zuri, lisilo na kasoro niliyoweza kuiona. Lango la nyuma, ambalo ndilo tunalolitumia sisi wa majengo ya ndani, halikuwa na bango lolote. Palikuwa na nguzo tu yenye matundu mawili ya skrubu. Nilipiga picha nguzo hiyo asubuhi ileile, nikiwa na uhakika kwamba saa ya simu yangu imeandika tarehe.

Yadi ya kuhifadhia magari iko mbali, lakini mle ndani nilihudumiwa na dada mmoja mwenye adabu, na nyota moja kati ya zile mbili ni yake. Alinieleza gharama zote kabla sijalipa, akapokea kadi ya benki bila kunung'unika, jambo ambalo sheria inalilazimisha ingawa wapo wanaodai fedha taslimu peke yake, na akaniruhusu kulizunguka gari na kulipiga picha kila upande kabla sijatia saini ya kulipokea. Ninawasihi wote mfanye hivyo, kwa sababu ukilitoa gari nje ya yadi ndipo uone bampa limechubuka, huna tena namna nyepesi ya kuonyesha kwamba lilichubuka mikononi mwao. Langu lilikuwa salama.

Kilichokosekana kwenye bahasha niliyopewa ni karatasi moja muhimu kuliko risiti, ile inayomweleza mwenye gari kwamba ana haki ya kusikilizwa mahakamani. Nilipoiomba kwa kuitaja, niliipata. Nasema haya kwa uzito kwa sababu nyuma yangu walikuwapo watu wawili waliolipa na kuondoka bila kuiomba, na sidhani kwamba walijua ipo. Mwenye gari ana siku 14 za kuomba kusikilizwa mbele ya hakimu wa amani, yaani hakimu wa mahakama ndogo, wa kaunti ambako gari lilivutwa, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu za serikali. Karatasi hiyo isipotolewa, siku hizo hazianzi kuhesabiwa hadi maelezo yake yatakapokufikia. Ada ya kufungua ombi ni dola 20, na shauri husikilizwa ndani ya siku 21 tangu mahakama ilipokee ombi. Huhitaji wakili. Maswali ya hakimu ni machache: je, palikuwa na sababu ya msingi ya kisheria ya kuliondoa gari, na je, ulitozwa zaidi ya kiasi kinachoruhusiwa?

Mimi nilikwenda na mkataba, nakala ya kanuni za zamani zenye saini yangu, picha za nguzo na risiti. Mwakilishi wa kampuni alikuja na picha ya stika yangu ya bluu, iliyopigwa vizuri kwa taa, na hakuwa na chochote kuhusu lango la nyuma wala kuhusu tarehe ya taarifa. Hakimu aliamua kwamba sababu ya msingi haikuwapo, akaagiza nirudishiwe gharama za kuvuta na kuhifadhi gari, ada ya mahakama, na hata gharama ya kuchapisha picha nilizowasilisha, maana sheria inaitaja waziwazi gharama hiyo ya picha. Nilifurahi zaidi kwa hilo la mwisho kuliko nilivyotarajia, kwani lilinionyesha kwamba waliotunga sheria walimfikiria mtu wa kawaida anayejitetea kwa simu yake.

Ni haki pia nieleze mahali ambapo kampuni hii inafanya kazi yake ipasavyo, na hapo ndipo ilipopata nyota ya pili. Gari lililoachwa kwenye njia ya zimamoto, au lililoziba lango au pipa kubwa la taka, huondolewa haraka, na wakazi wenye watoto wadogo wanashukuru kwa hilo. Aidha, jirani ambaye usajili wa gari lake ulikuwa umekwisha muda alipewa notisi ya maandishi ya siku 10 kabla ya hatua yoyote, kama sheria inavyotaka pale mkataba unaporuhusu gari la namna hiyo kuvutwa. Alilishughulikia jambo lake na gari halikuguswa.

Lakini mzee aliyenigongea mlango ana kisa chake, na ndicho kinachonizuia kuongeza nyota ya tatu. Miezi michache kabla yangu alilikuta gari lake limekwisha kufungwa kwenye lori, likiwa bado ndani ya maegesho. Katika hali hiyo mwenye gari hulipa ada ndogo ya kulishusha tu, na gari linabaki. Dereva alimwambia kwamba gari likishafungwa ni lazima liende yadi. Mzee hakubishana, kwa sababu Kiingereza chake ni kidogo na alihofia polisi, akalipa gharama nzima ambazo kwake ni mshahara wa siku nyingi. Siku zake 14 zilipita bila yeye kujua kwamba alikuwa nazo. Sheria inasema kwamba kampuni au mwenye maegesho akikiuka sura hiyo kwa makusudi, kwa kujua au kwa kutojali kabisa, anawajibika kulipa dola 1,000 na mara tatu ya gharama alizotozwa mwenye gari. Dereva anayefanya kazi hii kila usiku hawezi kukosa kuijua ada ya kushusha gari. Nimemsaidia mzee kuandika malalamiko kwa Idara ya Leseni, kwa Kiswahili kwanza, kisha binti yake akayatafsiri.

Tangu shauri langu liamuliwe, uongozi umetutumia wapangaji wote kanuni za stika za kijani kwa maandishi, kila mmoja akatia saini kwamba amezipokea. Bango la lango la nyuma bado halijafungwa. Jana jioni nilipita pale, nguzo iko vilevile na matundu yake mawili, na magari ya wageni yanaendelea kuingia kwa njia hiyo. Picha ya jana nimeihifadhi pamoja na zile za kwanza, na yeyote katika majengo haya atakayevutiwa gari kabla bango halijawekwa aje kwangu, nitampa nakala.