Ofisi ya wakili mjini Moshi: maombi ya mapitio ya amri ya kutaifisha pikipiki

Ofisi hii, ambayo sitaitaja jina, ilinisimamia katika maombi ya mapitio mbele ya Mahakama Kuu hapa Moshi, nami naiandikia tathmini kwa faida ya kila mwenye chombo aliyempa kijana bodaboda kwa mkataba.

Dereva wangu alikamatwa na mirungi, akakiri kosa katika Mahakama ya Wilaya, na siku hiyohiyo pikipiki ikataifishwa bila mimi kuitwa. Ofisi ya kwanza niliyoiendea ilitaka kunikatia rufaa, ikinihimiza kwamba siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la rufaa zinakwisha. Wakili wa ofisi hii ya pili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Mzee wangu, katika kesi ile wewe ulikuwa nani?" Sikuwa mshtakiwa wala upande wa mashtaka, kwa hiyo, alinieleza, njia yangu si rufaa bali ni kuiomba Mahakama Kuu iitishe jalada na kujiridhisha kama amri ile ni sahihi na halali, mamlaka yaliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kuwa cha 372.

Aliusoma mwenendo wa kesi mbele yangu, rula ikishuka mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye amri yenyewe, ambayo haikujaza hata mistari miwili. Jina lililo kwenye kadi ya pikipiki halikutajwa popote. Akapiga mstari wa penseli hapo, na hoja yetu yote ikajengwa juu ya mstari huo: mtu amenyang'anywa mali bila kusikilizwa.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba hauzi matumaini. Jamaa yangu niliyeongozana naye alitaka mapitio kwa sababu kielelezo fulani kilipokewa katikati ya kesi yake ambayo bado inaendelea, akaambiwa wazi asipoteze fedha, kwani uamuzi mdogo usiomaliza shauri haufanyiwi mapitio. Vilevile alituambia kwamba kwa njia hii Mahakama Kuu haiwezi kumgeuza aliyeachiwa huru kuwa mwenye hatia.

Kasoro zipo. Karani wake hapokei simu, na katika kiapo cha kwanza alikosea namba ya usajili wa pikipiki, ikanilazimu kurudi kuapa upya mbele ya kamishna wa viapo na kulipa tena. Kosa la herufi moja katika kiapo si dogo, na gharama hiyo ilipaswa kuwa yao.

Mahakama Kuu iliitengua amri ya kutaifisha na kuelekeza nisikilizwe katika Mahakama ya Wilaya. Pikipiki bado iko kituoni, tairi zimekwisha upepo, nami nimemlipa wakili huyohuyo aendelee.